Ekinasea nyekundu haiuawi na theluji, inauawa na maji

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa nyumba na bustani umewashauri wasomaji walioko Marekani wapande ekinasea nyekundu penye jua, waitilie samadi kwa wingi na kuimwagilia kila jioni. Na jua sina ugomvi. Samadi na maji ya kila jioni ndivyo vinavyoizika mimea hiyo mwaka hadi mwaka huku Ohio na majimbo jirani, halafu mwenye bustani anailaumu theluji. Naomba nafasi nieleze kwa urefu, maana anayefuata shauri lile atarudi kitaluni kila Mei kununua miche ile ile.

Ekinasea ni ua la ukoo wa alizeti, na asili yake ni Amerika Kaskazini peke yake. Petali zake huinama kidogo, na katikati kuna kitovu kilichotuna, chenye ncha ngumu zinazochoma kidole. Inayojulikana zaidi ni Echinacea purpurea, ya rangi ya zambarau inayoelekea waridi. Nyekundu ya moto mnayoiona kwenye picha haimo porini. Imepatikana kwa kuvusha chavua kati ya purpurea na Echinacea paradoxa, aina pekee ya porini yenye petali za manjano, ambayo kwao ni vilima vya Ozark katika Missouri na Arkansas. Chicago Botanic Garden ilitoa chotara ya rangi ya chungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, vitalu vya biashara vikafuata mkondo huo, na leo dukani utakuta 'Tomato Soup', 'Sombrero Salsa Red', 'Firebird', na 'Hot Papaya' ambayo kitovu chake kimejaa petali.

Nasaba hiyo ndiyo inayoamua mmea utunzwe vipi, na ndiyo iliyoachwa nje ya makala yenu. Paradoxa huota kwenye mbuga za mawe, udongo ukiwa kiasi cha shubiri juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, maji hayakai. Mzizi wake ni mmoja, mnene, unaochimba kwenda chini. Purpurea ina mizizi mingi yenye matawi, na hustahimili udongo mzito zaidi na unyevu kiasi. Chotara hurithi huku na huku, na huwezi kujua kwa kuangalia ua tu imechukua kiasi gani cha kila mzazi. Kwa hiyo ni busara kuihesabu ekinasea nyekundu kuwa mmea wa mawe mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Mwenye purpurea ya zambarau inayostawi kando ya ngazi asidhani nyekundu itakubali mahali pale pale.

Baridi peke yake si tatizo. Aina nyingi nyekundu huuzwa kwa kanda ya 4 au ya 5 kwenye ramani ya baridi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, na kanda ya 5 ina maana ya usiku wa baridi kali zaidi wa mwaka kufika kati ya nyuzi 23 na 29 za Selsiasi chini ya sifuri. Columbus, hapa Ohio ninapoishi, iko kanda ya 6, yenye nafuu zaidi. Lakini udongo wa sehemu hii ni mfinyanzi mzito ulioachwa na barafu za kale, na kuanzia Novemba hadi Machi mmea umelala. Hauna majani ya kunywa maji wala jua la kuyakausha. Mvua ya Desemba inajaa kwenye shimo, inaganda, inayeyuka, inaganda tena. Kitako cha mmea, yaani pale mizizi inapokutana na machipukizi ya mwaka unaofuata, kinakaa ndani ya maji hayo kwa wiki nyingi. Kuvu wa kuozesha hawahitaji zaidi ya hapo. Aprili ukikuta kitako kimekuwa cheusi, laini, na kinang'oka kwa vidole viwili, hiyo si kazi ya baridi.

Kabla ya kununua chochote, pima udongo wako unavyopitisha maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana kama huo. Lijaze maji, liache likauke lote, kisha lijaze tena na usimike rula pembeni. Maji yakishuka sentimita 2 na nusu hadi 5 kwa saa, panda bila wasiwasi. Yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu kwa saa, usipande pale kama palivyo. Usipime udongo ukiwa mkavu wa Julai, kwa sababu mfinyanzi uliopasuka hunywa maji haraka na kukudanganya. Pima Aprili, siku mbili tatu baada ya mvua.

Dawa ya udongo mbovu ni kuinua tuta. Sentimita 15 hadi 20 juu ya usawa wa nyasi zinatosha kubadilisha maisha ya mmea huu. Tandaza mboji iliyoiva unene wa sentimita 5 juu ya eneo lote la tuta, changanya na udongo wa asili kwa uma wa bustani hadi kina cha sentimita 20 au 25, kisha ongeza udongo wa juu upate mwinuko wenye mteremko kidogo kwenda mbele. Kuna makosa mawili yanayorudiwa kila mahali. La kwanza ni kuweka mboji ndani ya shimo tu, ukiacha mfinyanzi ukiwa ukuta pande zote. Shimo la namna hiyo linakuwa beseni, na maji ya tuta zima yanakimbilia humo. La pili ni kuchanganya mchanga kwenye mfinyanzi. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hauulegezi. Chembe ndogo huziba nafasi kati ya chembe kubwa, na kiangazi unapata tofali.

Jua liwe la muda wa saa 6 kwa siku kwa uchache, na 8 ni bora. Chini ya hapo mashina hurefuka na kulala, maua hupungua, na ugonjwa wa ubwiri unga huanza kwenye majani ya chini. Ila jua si jambo la pekee la kutazama unapochagua mahali. Tazama pia bomba linaloshusha maji ya paa linamwaga wapi. Tazama mabomba ya kunyunyizia nyasi yanafika wapi, maana mengi yamepangwa kufunguka yenyewe kila alfajiri, na hakuna ekinasea nyekundu itakayovumilia ratiba ya nyasi. Na kwa wenzetu ambao nyumba zao zina njia ya gari: fikiria theluji unaisukumia upande gani Januari. Ukingo wa bustani ulio sambamba na njia ndio unaopokea lundo lote pamoja na chumvi iliyomwagwa kuyeyushia barafu. Lundo hilo huyeyuka polepole juu ya kitako cha mmea, nayo chumvi inabaki kwenye udongo. Sogeza maua mita moja na nusu ndani, au panda hapo nyasi za kudumu zisizojali.

Sasa ununuzi, na hapa ndipo watu wengi hupotezea fedha. Ekinasea nyekundu huletwa dukani ikiwa imechanua, kwa sababu rangi ndiyo inayouza. Mteja huchagua chungu chenye maua mengi, na mara nyingi hicho ndicho kibaya. Mmea huu hupita majira ya baridi kwa machipukizi madogo yaliyo kwenye kitako, usawa wa udongo. Mche uliolazimishwa kuchanua mapema ndani ya chungu kidogo unaweza kuwa umeyatumia machipukizi yake yote kutoa mashina ya maua. Ua ni zuri, shina ni moja, chini hapana kitu. Ukifika Novemba hauna akiba ya kuanzia mwaka mwingine. Kwa hiyo inamisha macho: fukua kidogo juu ya chungu, tafuta angalau machipukizi matatu au manne ya majani yanayotoka chini, tofauti na shina lenye ua. Chungu chenye majani mengi na ua moja kina thamani kuliko chenye maua matano na kitako kitupu. Nunua Mei au Juni. Mimea ya vyungu vinavyopunguzwa bei Agosti imekwisha kuchoka.

Panda baada ya jalidi ya mwisho (baridi ya usiku inayogandisha), ambayo hapa Columbus kwa kawaida ni kabla ya katikati ya Mei. Septemba inawezekana kwa purpurea, mradi zibaki wiki 6 kabla ya ardhi kuganda, lakini nyekundu ipeni majira mazima ya joto ya kushika ardhi.

Mche wa kitalu umekuzwa kwenye mchanganyiko mwepesi wa mboji ya kinamasi, na mchanganyiko huo una tabia yake. Ukikauka hausharabu maji, na ukiwa ndani ya mfinyanzi hubaki kama kifurushi tofauti, mkavu wakati udongo wa jirani umelowa, au umelowa wakati jirani amekauka. Kabla ya kupanda, loweka chungu kwenye ndoo kwa dakika 15, toa mche, na ukwangue kwa vidole sentimita 2 za nje za mchanganyiko huo pamoja na mizizi iliyozunguka. Mizizi mingine itakatika, hilo si neno. Inayozunguka chini kabisa ikate kwa mkasi. Shimo liwe na upana mara mbili ya chungu na kina kile kile, si zaidi. Kitako kikae sentimita moja juu ya udongo unaokizunguka, kwa sababu tuta jipya litashuka kidogo na kitako kitashuka nalo. Shindilia kwa mikono, kisha mwaga maji lita 4 au 5 taratibu ili udongo ujishike na mizizi.

Nafasi kati ya mmea na mmea ni sentimita 40 hadi 45 kwa aina fupi kama 'Sombrero Salsa Red', na hadi 60 kwa zile ndefu. Kwenye ukingo, panda kwa makundi ya mitatu au mitano. Mmoja mmoja kati ya maua mengine, nyekundu hupotea machoni. Majirani wazuri ni wale wenye kiu ndogo na majani membamba: nyasi za mbuga kama Schizachyrium scoparium, ambayo hugeuka rangi ya shaba Oktoba, Sporobolus heterolepis, salvia ya buluu, nepeta, achillea. Hydrangea na astilbe zinataka maji kila wakati, na ukizinywesha umewanywesha wote. Petunia pia ni jirani mbaya, kwa sababu hiyo hiyo, ingawa maduka hupenda kuziweka pamoja kwenye maonyesho.

Maji: mwaka wa kwanza tu ndio wenye kazi. Wiki mbili za mwanzo gusa udongo kwa kidole kila siku, na umwagilie sentimita 3 za juu zikikauka. Baada ya hapo jumla ya sentimita 2 na nusu kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo, kwa mara moja au mbili za kulowesha vizuri. Weka kopo tupu kwenye tuta likuonyeshe mvua imeleta kiasi gani. Mwagilia asubuhi, chini, usiloweshe majani. Maji ya jioni yanalala juu ya majani usiku kucha na kukaribisha madoa ya kuvu. Kuanzia mwaka wa pili, mmea ulioshika ardhi unahitaji msaada wakati wa ukame wa wiki tatu au nne tu. Jambo la kuchanganya ni kwamba mizizi iliyooza kwa maji hufanya majani yanyauke kama yenye kiu, na mwenye bustani anaongeza maji. Kabla ya kuchukua bomba, chimbua kidogo pembeni kwa kijiko cha bustani. Udongo ukiwa baridi na unanata, weka bomba chini.

Mbolea naweza kuimaliza kwa sentensi mbili. Tandaza mboji sentimita 2 kila Aprili, mbali kidogo na kitako, na hiyo inatosha. Samadi mbichi na mbolea ya nyasi yenye naitrojeni nyingi huzaa majani mapana na mashina malaini yanayoanguka mvua ya kwanza ya ngurumo, tena huchelewesha mmea kulala kabla ya jalidi.

Shauri ambalo hakuna anayelipenda ni hili: mwaka wa kwanza kata mashina ya maua. Yote, kama una moyo, au uache moja tu likae wiki mbili ulijue rangi yake. Kila shina linapofika urefu wa shubiri na tumba linaonekana, likate chini, juu ya majani ya kitako. Nguvu zinageuzwa kwenda kwenye mizizi na machipukizi ya pembeni. Chotara iliyokatwa hivyo huingia Novemba na kitako kipana chenye machipukizi kadhaa. Ile iliyoachwa ichanue hadi Septemba huingia ikiwa imechoka. Ukiwa na mimea sita na huamini, kata mitatu, acha mitatu, na uhesabu Mei inayofuata.

Kuanzia mwaka wa pili acha ichanue. Huanza mwishoni mwa Juni na huendelea hadi Agosti au zaidi, ukikata maua yaliyochakaa hadi kwenye jani lenye tumba la pembeni. Rangi haikai moja: ua hufunguka jekundu lenye chungwa, kisha hufifia kuelekea waridi kadiri linavyozeeka, na joto kali huharakisha kufifia huko. Huo si ugonjwa. Mwisho wa Agosti acha kukata, vitovu vikauke na mbegu, kwa sababu chiriku wa manjano wa Amerika huzila Septemba na Oktoba. Mashina makavu yaache yasimame hadi Machi. Kisha yakate, ukibakiza visiki vya sentimita 30 hivi, maana wapo nyuki wanaoishi peke yao, wanaotaga ndani ya mashina yenye uwazi.

Kuhusu nyuki, aina zenye petali zilizojazana, 'Hot Papaya' ikiwemo, zinawapa kidogo sana. Petali za ziada zimechukua nafasi ya vijiua vidogo vya katikati vyenye chavua na asali. Mt. Cuba Center, bustani ya utafiti huko Delaware, ililinganisha aina nyingi za ekinasea kati ya 2018 na 2020 na kuona wadudu wachavushaji wakizipendelea zenye kitovu cha kawaida. Binafsi sioni uzuri wa ua lililofungwa hivyo hata kwa macho, lakini hilo ni la mtu na macho yake.

Matandazo yawe ya magome au majani yaliyosagwa, unene wa sentimita 5, yakikaa sentimita 8 hadi 10 mbali na kitako pande zote. Duara hilo tupu unaweza kulijaza kokoto ndogo, zinazopitisha maji na kuweka shingo ya mmea kavu. Majani ya miti yaliyodondoka Novemba yaondoe juu ya ekinasea kabla hayajalowa na kulaliana. Kwa walio kaskazini zaidi, Minnesota au Wisconsin, hatari nyingine ni ardhi kuvimba: ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara huusukuma mmea mchanga juu hadi mizizi ikaonekana. Tandaza matawi ya msonobari juu yake baada ya ardhi kuganda kabisa, si kabla, na ukipita Machi ukakuta kitako kimenyanyuka, kikanyage taratibu kirudi chini.

Kuna malalamiko yanayosikika sana kwamba ekinasea nyekundu "imegeuka zambarau". Haigeuki. Kilichotokea ni kwamba chotara imekufa, na mbegu za purpurea zilizodondoka kutoka kwenye mimea ya jirani zimeota mahali pake. Chotara nyingi zina mbegu chache zilizo hai, na hata zikiota, mtoto hafanani na mzazi. Zile za dukani huzalishwa maabara kwa vipande vya tishu. Kwa hiyo usihangaike kukusanya mbegu za 'Tomato Soup'. Ukitaka kuotesha kwa mbegu, nunua mchanganyiko uitwao 'Cheyenne Spirit', uliopata tuzo ya All-America Selections mwaka 2013. Hutoa nyekundu, chungwa, manjano, krimu na zambarau, na huchanua mwaka ule ule ukiwahi. Panda ndani ya nyumba wiki 8 hadi 10 kabla ya jalidi ya mwisho, mbegu zifunikwe milimita 3 tu, joto liwe nyuzi 20 hadi 22, na taa iwake saa 14 hadi 16 kwa siku. Zitaota ndani ya wiki mbili au tatu. Miche ikichanua, chagua ile nyekundu na ugawe nyingine kwa majirani. Kugawanya kitako kwa sepetu kunawezekana pia baada ya miaka mitatu au minne, Aprili, machipukizi yakiwa na sentimita 5. Kila kipande kiwe na machipukizi mawili na mizizi yake. Lakini chotara zenye mzizi mnene hazipendi kusumbuliwa, na kipande kimoja katika viwili kikishika, ushukuru.

Magonjwa na wadudu ni wengi, nitataja wale ambao watu huwachanganya. Ua likitoa vijani vya kijani badala ya petali, tazama vizuri, maana kuna mambo mawili yanayofanana. Mmea mzima ukiwa umepauka manjano, umedumaa, na maua yote ni ya kijani yenye kuota majani juu yake, huo ni ugonjwa unaoletwa na fitoplazima, kiumbe mfano wa bakteria anayeishi ndani ya mishipa ya mmea. Huenezwa na mdudu mdogo mrukaji anayefyonza utomvu, ambaye kila majira ya machipuko hubebwa na upepo kutoka majimbo ya kusini. Hauna dawa. Kukata ua lililoharibika hakusaidii, kwa sababu ugonjwa umo hadi mizizini. Ng'oa mmea wote siku hiyo hiyo. Udongo haubaki na ugonjwa, kwa hiyo unaweza kupanda tena pale pale. Karoti, saladi na magugu kadhaa hubeba ugonjwa huo huo, basi palilia. Lakini majani ya mmea yakiwa mazima na ya kijani, na uharibifu uko juu ya kitovu tu kama vishungi vilivyosokotana, hao ni utitiri wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya ua. Kata vichwa hivyo, vitie kwenye mfuko wa taka, na mmea unabaki. Watu wameng'oa mimea mizima kwa ajili ya utitiri, na wengine wameacha mimea yenye fitoplazima iambukize tuta zima.

Vichwa vya maua vikining'inia kwa uzi mwishoni mwa Juni kana kwamba mtoto amevivunja, angalia sentimita 2 au 3 chini ya ua: utaona pete ya vitobo. Ni fukusi anayekata shina ili atage kwenye ua. Okota vichwa vyote, vya juu na vilivyodondoka, na uvitupe, maana mabuu yake yamo ndani. Mbawakawa wa Kijapani, aliyeonekana Marekani kwa mara ya kwanza New Jersey mwaka 1916, hutafuna petali Julai. Asubuhi bado akiwa mzito, mkung'ute kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mitego ya harufu inayouzwa kwa ajili yake usiitundike karibu na maua, kwa sababu huwaita wengi kuliko inaowakamata. Sungura hula machipukizi ya Aprili hadi kwenye udongo, na mmea mchanga unaweza usirudi. Zungushia wavu wa waya wa sentimita 60 kwenda juu, matundu yasizidi sentimita 2 na nusu, uchimbiwe sentimita 10.

Nimeona pia makala yenu ikigusia chai ya ekinasea kwa mafua. Mimea ya kitalu usiitie kikombeni. Imeoteshwa kuwa pambo, na mara nyingi imenyunyiziwa dawa za wadudu ambazo hukaa ndani ya mmea.

Mwisho, kwa wasomaji wa nyumbani Afrika Mashariki ambao nao wanaagiza mbegu. Shida yenu haitakuwa baridi wala theluji. Itakuwa urefu wa mchana. Majaribio ya Michigan State University yameonyesha kwamba purpurea huchanua vizuri mchana ukiwa wa saa 13 hadi 15 hivi. Columbus hupata takriban saa 15 mwezi Juni. Nairobi ni 12 na dakika chache mwaka mzima, na Dar es Salaam haifiki 13 hata Desemba. Mmea unaweza kukupa majani mazuri ukasubiri ua bila kuliona, isipokuwa uuwashie taa jioni, jambo la vitalu vya biashara si la bustani ya nyumbani. Anayetaka wekundu kwenye ukingo wenye jua Limuru, Lushoto au Mbeya atapata raha zaidi kwa zinia au gailadia, na penye baridi na unyevu wa milimani kuna Kniphofia thomsonii, ambayo ni mzaliwa wa milima ya huko huko.

Naomba mchapishe masahihisho haya kabla ya Aprili. Vyungu huanza kuwekwa madukani wiki ya kwanza ya Mei, na anayehitaji kuinua tuta lake anahitaji wiki mbili za kufanya kazi hiyo udongo ukiwa umekauka kiasi cha kutonata kwenye sepetu.

Mtunza bustani,
Columbus, Ohio, Marekani